Meno na Matamshi: Kuyapima Maneno ya Hockett Juu ya Herufi F

Mwaka 1985 mtaalamu wa lugha wa Marekani, Charles Hockett, alichapisha hotuba ambayo kichwa chake kilikuwa herufi moja tu, nayo ni F. Sisi tukaao Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo jina lake haliwezi kutamkwa pasipo herufi hiyo, twaona inatupasa kuyasoma maneno yake kwa makini na kuyapima. Mtu hasemi Ufipa, wala Mfipa, wala Kifipa, ila kwanza ausogeze mdomo wa chini mpaka kwenye meno ya juu na kupitisha pumzi hapo. Basi aliyeandika juu ya asili ya F ameandika habari zetu pia, hata kama hakutukusudia.

Tunayo na sababu nyingine, ambayo ni ya shule. Tulipokuwa bado vijana katika kazi ya ualimu, katika shule moja ya kando ya ziwa hili, mvulana aliyekuwa msomaji hodari aliteleza juu ya mawe alipokuwa akivuta mtumbwi, akapoteza meno mawili ya mbele ya juu. Sisi tukamwondoa katika zamu ya wasomaji. Hakuna aliyetushauri, tulidhani wenyewe ya kuwa asiye na meno hayo hawezi kutamka f wala dh, na ya kuwa wenzake watamcheka. Mvulana hakulalamika, lakini tangu siku ile hakuinua mkono darasani hata muhula ukaisha. Baadaye tulimkuta chini ya mwembe akiwasomea wadogo zake, tukasimama kusikiliza. Kila neno lilieleweka. Alisema "fedha" na "dhambi" kama tulivyomfundisha, na wale wenye meno kamili waliosoma mahali pake walikuwa wakisema "feza" na "zambi". Aibu ile haijatutoka hata leo, nayo ndiyo iliyotufanya tuchunguze habari ya meno.

1. Kazi ya meno katika kusema

Kabla ya kumhukumu mwandishi, yafaa tujue jambo analolisema. Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32, na mtoto mdogo ana 20. Katika kusema, kazi iliyo kubwa hufanywa na meno manane ya mbele, manne ya juu na manne ya chini, wala kazi yao si moja.

Kwa f na v, mdomo wa chini hukaribia ncha za meno ya juu, na pumzi hupenya katikati. Meno ya chini hayana kazi hapo. Kwa th na dh, ncha ya ulimi huja kwenye meno ya juu, na watu wengi huitokeza kidogo kati ya meno ya juu na ya chini. Kwa s na z, ulimi hufanya mfereji mwembamba katikati, na pande zake hushika magego ya juu ili pumzi isipotee. Pumzi hutoka mbele kwa nguvu na kuyapiga meno ya mbele, ya juu na ya chini. Mtu aliyepata kusimama karibu na maporomoko ataelewa: maji yashukayo hayanguruma sana mpaka yapige jiwe. Meno ya mbele ndiyo jiwe la s. Kwa sababu hiyo mtoto wa miaka sita au saba, aliyeng'oka meno ya utotoni, husema s kwa sauti ya upepo, kwa kuwa jiwe halipo.

Kwa t na d, wengi hugusa ufizi nyuma ya meno. Lakini wenyeji wa Mombasa wanazo t mbili, moja ya ufizi na moja ya meno. Wasemapo "mato", maana yake macho, ulimi wao hugusa meno yenyewe. Watu wa Unguja hawaitofautishi t hiyo, na kwa kuwa Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, maandishi yetu yana t moja tu. Sauti nyingine, kama p, b, m, k, g, h na irabu zote, hazihitaji jino lolote. Hii ndiyo sababu kibogoyo, asiye na jino hata moja, aweza kuhadithia hadithi ndefu usiku na watoto wakaielewa.

2. Madai ya Hockett

Hockett asema hivi. Kila mtoto, meno yake ya juu huwa yamepita kidogo mbele ya yale ya chini. Zamani, watu walipokula nyama ngumu na mizizi isiyopondwa, meno yalisagika, hata mtu akiwa mzima meno ya juu na ya chini yakakutana ncha kwa ncha. Kwa kinywa cha namna hiyo f ni kazi ngumu, kwa kuwa mdomo wa chini sharti uvutwe nyuma sana. Watu walipoanza kulima, kusaga nafaka na kupika katika vyungu, chakula kikawa laini, meno hayakusagika tena, na meno ya juu yakabaki mbele maisha yote. Hapo f na v zikawa rahisi, zikaanza kuingia katika lugha.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi hawakuyapokea maneno hayo. Lakini mwaka 2019 Damián Blasi na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi uliomtetea. Walitengeneza kwa kompyuta mfano wa kinywa, wakakadiria ya kuwa mtu ambaye meno yake ya juu yamepita mbele hutumia nguvu pungufu kwa asilimia 29 hivi kutamka f kuliko yule ambaye meno yake hukutana ncha kwa ncha. Tena walihesabu lugha nyingi za dunia, wakaona ya kuwa lugha za wawindaji na waokota matunda zina sauti za namna ya f na v chache sana, kama robo tu ya zile za wakulima na wafugaji.

Hatutaki kuwadhulumu. Hawasemi ya kuwa kila mkulima lazima awe na f, wala ya kuwa mwindaji hawezi kuitamka. Wasema ya kuwa njia imekuwa nyepesi, na ya kuwa katika miaka elfu nyingi watu huelekea penye wepesi. Hoja hiyo ina akili, tena imepimwa kwa bidii. Lakini msomaji wa haraka huichukua hoja ya namna hii akaigeuza: chakula hufanya meno, meno hufanya lugha. Hapo ndipo lugha zetu za Kibantu zinapopaswa kuitwa mashahidi.

3. F imetoka wapi katika lugha zetu

Chukueni neno kufa. Katika Kifipa, na kwa jirani zetu Wamambwe na Wabemba, husemwa "kufwa". Wakikuyu wa Kenya husema "gũkua". Neno ni moja, shina ni moja, lakini kwao hakuna f. Kuna k na u. Chukueni na neno mvua. Wakikuyu husema "mbura". Penye v yetu wana b. Wataalamu wa lugha za Kibantu wamekwisha kuonyesha ya kuwa Wakikuyu ndio waliohifadhi namna ya zamani, na sisi ndio tuliobadili.

Je, tulibadili kwa sababu ya chakula? Wakikuyu ni wakulima tangu zamani. Walikula maharagwe, viazi vitamu na uji, vyakula vilivyopikwa vikalainika. Wafipa nao walikula ugali wa ulezi uliosagwa juu ya jiwe. Hatuoni chakula chao kuwa kigumu kuliko chetu. Hata hivyo mmoja ana f na mwingine hana.

Tofauti iko mahali pengine, nayo ni katika irabu. Kikuyu kina irabu saba: a, e, i, ĩ, o, u, ũ. Irabu i na u zisizo na alama ni zile za kufinywa sana. Mtu azitamkapo, kinywa kinakaribia kufungwa. Kiswahili, Kifipa, Kibemba na Kiganda zina irabu tano tu. Katika lugha hizi irabu ile ya kufinywa ilichanganyika na jirani yake, lakini kabla ya kupotea iliacha alama juu ya konsonanti iliyoitangulia. Midomo ilikuwa imekaribiana mno kwa ajili ya u, pumzi ya k ikapita mahali pembamba, ikavuma, ikawa f. Kadhalika b ikawa v. Kwa hiyo mahali ambapo lugha ilipoteza irabu mbili, mara nyingi ilipata f na v, kana kwamba ilikuwa ikilipwa hasara yake.

Hatusemi ya kuwa hiyo ni sheria isiyo na ubaguzi. Wanyakyusa, walio kusini-mashariki yetu, wanazo irabu saba na f wanayo. Lakini ubaguzi huo pia haufunuliwi na chakula. Mtu atakaye kujua kwa nini Mfipa ana f na Mkikuyu hana, atapata mwanga akiuliza habari za irabu. Akiuliza habari za chungu na jiwe la kusagia, atarudi mikono mitupu.

Hapa twaona upungufu wa hotuba ya Hockett kwa msomaji wa nchi hizi. Yaeleza kwa nini f ilipozaliwa haikufa upesi, kwa kuwa meno yaliipokea vizuri. Midomo ilipokaribiana na pumzi ikavuma, meno ya juu yalikuwa karibu mno, na mdomo wa chini ukayaegemea. Katika hilo twamkubali. Lakini kwamba f ilizaliwa katika lugha hii isizaliwe katika lugha ile, jambo hilo limo ndani ya lugha zenyewe.

4. Desturi za meno na ushahidi wake

Kuna jaribio jingine ambalo mwenye kuhesabu lugha ofisini hawezi kulifanya, lakini desturi za Afrika zimekwisha kulifanya. Makabila mengi yalikuwa yakichonga meno au kuyang'oa. Kama meno ndiyo yafanyayo lugha, basi penye meno yaliyong'olewa lugha ingegeuka.

Wajaluo wa kando ya Ziwa Viktoria, wa Kenya na wa mkoa wetu wa Mara, walikuwa wakiwang'oa vijana wao meno sita ya mbele ya chini, kuwa alama ya kuingia utu uzima. Lugha yao wenyewe huiita Dholuo, maana yake kinywa cha Wajaluo, na jina hilo laanza kwa sauti ya ulimi kwenye meno. Sauti hiyo kwao si pambo. "Tho" ni kufa, na "to" ni lakini. Asiyetofautisha hatasikika vema. Basi wazee wasio na meno sita ya chini walizitofautisha vizuri, kwa sababu ulimi uliyatafuta meno ya juu, nayo yalikuwapo. Hata s walikuwa nayo, ingawa nusu ya jiwe la maporomoko ilikuwa imeondolewa. Katika karne ya 20 desturi ile ikaachwa polepole. Vijana wa leo wana meno yote, na Dholuo ni ile ile. Tena, Dholuo haina sh, na wazee wengi walisema "samba" kwa "shamba". Mjukuu aliyelelewa katika Dholuo peke yake, mwenye meno kamili, naye husema "samba" mpaka afundishwe. Meno yamerudi, lakini sh haikuja pamoja nayo.

Mfano wa pili ni wa Waherero wa Namibia. Hao walikuwa wakiyang'oa meno ya mbele ya chini na kuyachonga ya juu. Lugha yao ina sauti kama th na dh mahali ambapo ndugu zao wengine wa Kibantu wana s na z. Waandishi wa Ulaya wa zamani walifurahi kuunganisha mambo hayo mawili, wakasema kuwa meno yaliyoharibiwa ndiyo yaliyoiharibu s. Huenda mwanzo wake palikuwa na jambo la namna hiyo, hatulikatai bure. Lakini watoto wa Waherero wa leo wana meno yao yote, na sauti zile wanazisema vile vile, kwa kuwa walizipata kwa mama zao. Na Wajaluo, waliong'oa meno ya chini kama wao, s haikuwapotea. Sababu ambayo mahali pamoja yaleta tunda na mahali pengine haileti, haitoshi kuitwa sababu peke yake.

Tuongeze ushahidi mdogo wa siku hizi. Mtu atiwaye meno ya bandia husema kwa kigugumizi siku za kwanza. S yake hupiga mluzi, na f yake ni nzito. Baada ya majuma machache ulimi huizoea nyumba yake mpya, na jamaa zake husahau ya kuwa aligeuka. Kama wahenga walivyosema, ulimi hauna mfupa: hujikunja kufuata mahali ulipo. Mvulana wetu wa mwembeni alikuwa amefanya vivyo hivyo. F yake aliifanya kwa midomo miwili, na dh kwa kuuweka ulimi kwenye ufizi penye pengo. Sikio halikuona hasara.

5. Mambo ya kushika shuleni

Sasa twarudi darasani, kwa maana hapo ndipo hukumu juu ya meno huumiza watu. Katika Kiswahili, th na dh zimekuja na maneno ya Kiarabu: thelathini, themanini, thamani, dhahabu, adhabu, fedha, radhi. Kifipa hakina sauti hizo. Kwa hiyo mtoto wa Kipili, Kirando au Sumbawanga husema "samani" akitaka kusema "thamani", akaacha bei akataja viti na meza. Husema "zana" akitaka kusema "dhana", akaacha wazo akataja majembe. Ng'ambo ya ziwa, huko Kongo, "zambi" ni neno la kawaida vinywani mwa watu. Meno ya watu hawa wote ni mazima. Vivyo hivyo wengi wetu wa bara huchanganya "kura" na "kula", ambapo meno hayana kazi yoyote. Kosa ni la mazoea ya sikio na ulimi, na mazoea hurekebishwa kwa mazoezi.

Basi twashauri haya. Kwanza, mwalimu asimwondoe msomaji kwa kumtazama kinywa. Amsikilize, tena amsikilize kwa mbali, kama watakavyomsikia watu walioketi nyuma. Pili, mtoto wa darasa la kwanza au la pili mwenye mapengo asisumbuliwe kwa s yake. Angojewe mpaka meno ya ukubwani yaote. Tatu, th na dh zifundishwe kwa kioo kidogo, mtoto aone ncha ya ulimi wake ikitokeza kati ya meno, kisha apewe maneno mawili mawili: thamani na samani, dhana na zana. Neno "fedha" lina faida zaidi, kwa kuwa lina f na dh pamoja, na kazi mbili za meno ya juu huonekana ndani yake kwa mfuatano. Nne, mwenye pengo aachiwe atafute njia yake mwenyewe. Mara nyingi ataipata kabla mwalimu hajamaliza kumwonyesha.

Kwa Hockett hukumu yetu ni hii. Alifanya vema kutukumbusha ya kuwa maneno hupita katika kinywa cha nyama na mifupa, na ya kuwa kinywa hicho hugeuzwa na maisha ya watu. Waliomfuata mwaka 2019 walifanya vema zaidi kulipima alilolifikiri. Lakini kipimo chao ni cha dunia nzima na cha miaka elfu nyingi, wala hakifai kumpimia mtu mmoja au kabila moja. Anayekitumia kueleza kwa nini mtoto huyu hawezi kusema neno hili, amekosea kama tulivyokosea sisi.

Mvulana yule sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Muhula uliofuata tulimrudisha katika zamu ya wasomaji, tukamwomba radhi mbele ya wenzake. Alisimama, akafungua kitabu, akasoma ukurasa wote, na hakuna aliyecheka.